Shati la Yaya Édouard

Mangobo, Kisangani
11 Machi 2024

Kwa Fortunée, binti wa kaka yangu,

Nakusalimu wewe na Sadrack mume wako, na mama mkwe wako, na hilo tumbo ambalo Zakaria wa pikipiki ananiambia sasa linafika mahali kabla yako. Zakaria ni mwongo, lakini kwa mambo ya matumbo hakosei, maana ana watoto wa kujaza mtumbwi. Sisi tuko. Mguu wangu unauma mvua ikikaribia, ndiyo kusema unauma kila siku. Tonton Léon, baba yako mdogo, amerudi kutoka Isangi na samaki wa kukaushwa. Alipewa kapu zima aniletee, mimi nimepokea nusu, anasema njia ni mbaya. Sijui njia inakulaje samaki. Umeme unakuja unavyotaka. Juzi ulituwakia mchana kweupe, tukaucheka.

Barua yako ya Februari nimeisoma. Bado unajilaumu kwamba ulisema utakuja kumwona baba yako mkimaliza kuvuna mpunga, naye hakungoja. Kisha alipokufa, mama mkwe akakukataza kwenda penye maiti ukiwa na mimba, na alikuwa na haki. Wacha hayo, mwanangu. Yaya Édouard mwenyewe, huyo kaka yangu mkubwa, kama angekuwa na mpunga shambani, asingekuja kumwona mtu. Nasema hivyo kwa upendo. Mimi ni mdogo wake, na tangu mama yako alipotutoka nilikaa naye nyumba moja, nikimpikia na kumfulia, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni huo mzigo. Huko ng'ambo ya mto Aruwimi simu haishiki, na mimi sina subira ya kumpigia mtu asiyeitika, basi barua na mzigo vyote viko nyuma ya pikipiki ya Zakaria. Unanijua, mimi situpi kitu. Huo mfuko ni gunia la mchele, nimeukunja pindo na kuutia mikono. Utachukulia sabuni mtoni. Sponji nimeisuka kwa nyuzi za gunia hilohilo. Na ndani ya mfuko kuna nepi.

Usinunue zile za dukani za kutupa. Unamvalisha mtoto asubuhi, unatupa adhuhuri, jioni unalia. Hizi zangu utazifua mpaka mtoto aende shule. Kila moja ina matabaka matatu. Nje na ndani ni mashuka yangu meupe ya zamani. Katikati nimetia moyo, kitambaa kilichofuliwa miaka na miaka hadi kikawa laini. Kikwembe kipya, kitenge cha dukani, hakifai, maji yanateleza juu yake na mtoto analowa mgongo. Nguo kuukuu ndiyo inayokunywa. Sikutia pini, nimetia kamba za kufunga ubavuni, kwa sababu pini na mtoto anayerusha miguu ni hatari. Nimeshona kwa mkono, sindano ikirudi nyuma kila hatua, hazitafumuka. Uzichemshe kwa sabuni, usizitie wanga, uzianike juani.

Moyo nimeutoa kwenye nguo laini kuliko zote zilizokuwa ndani ya nyumba hii. Wewe fua tu.

Kaa vizuri, na ukijifungua umtume Zakaria aniambie hata kabla hajashusha mizigo yake.

Tantine wako,
Georgette

*

Banalia, ng'ambo
6 Aprili 2024

Kwa Tantine Georgette,

Shikamoo Tantine. Sadrack anakusalimu, na mama mkwe pia, anauliza mguu. Mwambie Tonton Léon kwamba hata huku habari za samaki zimefika.

Nimejifungua salama, mtoto wa kiume, mkubwa, wa kelele. Mkunga alimpiga mara moja tu naye akatukana kwa lugha yake. Sadrack hakubishana kuhusu jina. Tumempa la baba yangu. Ni Édouard, na mimi, kama ulivyotufundisha, simwiti kwa jina, namwita Papa. Papa amenyonya, Papa amelala, Papa amenikojolea. Siku za kwanza nilikuwa nikisema «Papa» sauti inakatika. Sasa nimezoea kidogo.

Tantine, nepi zako! Wanawake wa huku wamekuja kuziangalia, wanazigeuza, wanazivuta kamba. Hazivuji. Mama mkwe alisema mishono yako ni kama ya masista. Nakushukuru kwa mikono yangu miwili.

Zakaria anasema mtaondoa matanga mwezi wa nane, na kwamba siku hiyo familia itafungua malle, sanduku la baba yangu, na kugawana nguo zake. Sitadai mengi. Redio wachukue wengine, na lile koti, na viatu. Mimi ni mtoto ambaye hakufika. Nakuomba uniwekee kitu kimoja tu, lile shati la mistari ya buluu, alilokuwa akivaa kila siku ya maana. Sikumwona akiwa mgonjwa, sikumwosha, sikulala chini pamoja nanyi kwenye matanga. Nikipata lile shati nitakuwa na mahali pa kuweka uso wangu.

Nimekuomba wewe kwa sababu najua wewe hutupi kitu.

Binti yako,
Fortunée

*

Mangobo, 19 Aprili 2024
(Barua hii haikutumwa.)

Fortunée mwanangu,

Shati lako liko Banalia. Lilifika kabla hujaliomba.

Nilifungua malle baada ya maziko ili kuziondolea nguo ukungu, mvua ilikuwa imeingia upande ule wa ukuta. Nilitoa moja moja, nikazitikisa, nikazipanga. Lile la mistari nililiweka mapajani na kulipapasa. Lilikuwa laini kama ngozi ya sikio. Nikakumbuka tumbo lako, na mashuka yangu niliyokuwa nimekwisha kuyakata, na kwamba sina kitu cha kutia katikati. Nikasema, nondo watalila. Nikasema, akigawiwa Léon atalivaa shambani hadi liishe. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli, na bado nilijua kwamba nguo ya marehemu haiguswi kabla ya matanga kuondolewa. Mimi ndiye niliyewafundisha ninyi wote hilo.

Mkasi ulipopita begani ndipo nikajua nafanya nini. Na sikuacha. Nilijiambia nusu ya shati haimfai mtu yeyote, nikaendelea.

Sasa umempa mtoto jina lake, unamwita Papa, na huyo Papa anajisaidia juu ya kifua cha kaka yangu. Mtu mzima, mtu wa heshima, aliyekuwa akipiga pasi shati lile mwenyewe kwa sababu hakutuamini

Siwezi kukutumia haya.

*

Mangobo, 22 Aprili 2024

Kwa Fortunée, mama wa Papa,

Karibu, karibu, karibu kwa mtoto! Nimecheza dansi uani, mguu au hakuna mguu, jirani wakadhani nimerukwa na akili. Tonton Léon amesema jina limekwenda mahali pake, kisha akalia, akasema ni moshi.

Uangalie kitovu kisilowe. Usimpe maji. Ukikohoa, geuza uso. Mvua zikizidi nepi hazitakauka, kwa hiyo uzitandaze juu ya tenga na uweke mbabula, jiko la makaa, chini yake, makaa machache tu, moto wa kupasha si wa kupika, na usiondoke hapo. Nakutumia vitambaa vya kumfungia shingoni akicheua. Nimevitoa kwenye taulo langu mwenyewe. Ni langu kabisa, nilinunua mimi.

Kuhusu yale mengine uliyoniandikia, matanga bado mbali. Malle imefungwa, na mwenye sauti ni Tonton Léon, mimi ni mwanamke tu wa nyumbani. Tusiharakishe. Nguo ni nguo. Baba yako yuko moyoni mwako, si kwenye shati.

Mbusu mtoto kwa ajili yangu.

Georgette

*

Banalia, ng'ambo
28 Mei 2024

Kwa Tantine Georgette,

Shikamoo. Tumepokea vitambaa. Papa ananenepa, mapaja yamejikunja kama maandazi. Sadrack amepata homa ikapona. Mama mkwe anakuombea kwa mguu.

Tangu lini wewe ukawa mwanamke tu wa nyumbani? Nilipoisoma ile barua nilimuuliza Zakaria kama uliumwa. Mtu aliyemfukuza padri jikoni leo anaogopa sauti ya Tonton Léon. Samahani nikikosa heshima. Lakini mtu akiniambia Papa yuko moyoni mwangu, sioni kitu. Huko moyoni mwangu kuna mpunga tu niliokuwa navuna siku aliyokuwa anakufa. Ndiyo sababu nataka shati.

Habari nyingine itakufurahisha. Wanawake waliniomba niwafundishe nepi, na sasa tunakaa pamoja alasiri nyumbani kwangu, kila mmoja na nguo zake kuukuu. Nawaambia kama ulivyoniandikia, kikwembe kipya hakinywi, moyo uwe wa kitambaa kilichochoka. Mmoja wao, Micheline, alileta shati zuri sana, laini, halafu akalirudisha mfukoni. Nikamuuliza kwa nini. Akasema: «Ile iko chemise ya papa yangu. Mi siwezi kuitia chini ya matako ya mutoto. Papa iko mutu mukubwa, hata kama alishakufa.» Wengine wakamcheka, mimi nikamtetea. Niliwaambia yeye ana haki, Tantine wangu wa Kisangani naye hutumia mashuka, hawezi kugusa nguo ya mzazi.

Niwekee shati, Tantine. Sitaomba tena kitu kingine.

Fortunée

*

Mangobo, 19 Juni 2024

Kwa Fortunée,

Salamu kwenu nyote. Mvua imepungua. Tonton Léon anaumwa meno.

Nimezungumza na wanaohusika. Zakaria anakuletea shati la mistari ya buluu, nimelikunja ndani ya gazeti. Limefuliwa sana, na jua la safari hii lilikuwa kali, kwa hiyo usishangae likionekana kama si lile. Nguo ikikaa ndani ya malle hubadilika. Hata upana hubadilika. Kifungo kimoja nimekibadilisha mimi.

Usimwandikie Tonton Léon kuhusu jambo hili, wala usimwambie Zakaria ni kitu gani. Utanisaidia sana.

Mtoto ameanza kucheka? Niandikie hilo. Niandikie kuhusu mtoto tu, nifurahi.

Georgette

*

Banalia, ng'ambo
14 Julai 2024

Kwa Tantine Georgette,

Shikamoo Tantine. Papa amecheka. Alimcheka kuku.

Shati limefika. Nililifungua nikiwa peke yangu, Sadrack alikuwa shambani. Nimeliweka chini ya kichwa ninapolala. Tantine, linanuka Papa. Tumbaku yake na ile sabuni yake, hata jasho la shingo. Sijui ulifanyaje hadi harufu isitoke baada ya kufuliwa sana kama ulivyosema. Nimeliinamia na kulivuta pumzi kama mtu mwenye pumu.

Nakushukuru kwa kuwa wewe ni mtu wa kweli. Katika familia hii ndiwe peke yako ambaye hajanidanganya.

Fortunée

*

Mangobo, 3 Agosti 2024

Fortunée mwanangu,

Sikusalimu leo kwa maneno mengi, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Zimepita wiki ambazo Zakaria alipita hapa akaniuliza kama kuna barua ya Banalia, nami nikamwambia mkono unaniuma. Mkono hauniumi.

Shati nililokutumia si la baba yako. Nililinunua sokoni, kwenye nguo za balle, mitumba iliyomwagwa chini. Nilisimama pale nikigeuza mashati ya watu nisiowajua, nikitafuta mistari, na muuzaji akaniuliza ni kwa ajili ya nani. Nikamjibu ni kwa ajili ya kaka yangu. «Iko mukubwa ama mudogo?» Nikamwambia amekuwa mdogo. Nilirudi nyumbani nimeshika kile kitu nikaona aibu hata kupita mbele ya picha yake.

Shati la baba yako nililikata mimi. Liko ndani ya nepi zako, katikati, kati ya mashuka. Ndilo ule moyo niliokusifia. Nililikata kabla ya mtoto kuzaliwa, kabla hujaliomba, lakini pia kabla ya familia kukaa, na hilo nilijua ni kosa wakati mkasi ungali mkononi. Mashati yake mengine mawili pia niliyakata. Sikufikiria mtoto atapewa jina lake. Sikufikiria wewe, kusema kweli. Nilifikiria kazi yangu, jinsi itakavyokuwa safi, jinsi mtu atakavyosema Georgette hakununua kitu. Kujisifu kwangu kwa kutotupa kitu ndiko kulikonifikisha hapa.

Uliponiandikia kuhusu yule Micheline, na jinsi ulivyosema mbele ya wanawake kwamba mimi siwezi kugusa nguo ya mzazi, niliikunja barua nikaiweka chini ya sufuria ili nisiione. Ningekuambia siku ile. Badala yake nikaenda sokoni. Na uliponiambia linanuka Papa, mwanangu, hapo nililia. Umelala juu ya jasho la mgeni kwa sababu yangu, na ukanishukuru.

Juzi mvua ilivuja, Tonton Léon akaisogeza malle. Aliinua upande mmoja, akasimama.

«Georgette, hii malle iko mwepesi. Yaya alikuwa na manguo mingi, njo hii tu?»

«Nguo zinazeeka, Léon.»

«Zinazeeka ndani ya malle?» Akanitazama. «Bon. Tutafungua siku ya matanga, mbele ya watu wote.»

Matanga ni Jumamosi tarehe kumi na saba. Kikombe hicho nitakinywa mwenyewe, watanisema na watakuwa na haki. Siogopi Léon kama ninavyokuogopa wewe. Kola na vifungo ninavyo, vimebaki, kola ni ngumu haifai kwa nepi. Kama unavitaka nitavituma. Kama hutaki kuniandikia tena, nitaelewa. Lakini nepi usizitupe. Mtoto hana kosa, na huko hakuna nyingine.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini umejua.

Tantine wako,
Georgette

*

Banalia, ng'ambo
11 Agosti 2024

Kwa Tantine Georgette,

Shikamoo. Zakaria ananingoja mlangoni na pikipiki inawaka, kwa hiyo nitaandika haraka na utasamehe mwandiko. Wote wazima.

Nilijua kwamba shati si lake. Nilijua siku ileile, kabla sijalikunjua lote. Shati la Papa nilimshoneshea mimi kwa fundi Osée wa Kabondo, kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, na fundi Osée hana lebo. Hili lako lina lebo shingoni, yenye maandishi ya Kichina au sijui ya wapi. Wewe unayetoa vifungo hata kwenye matambara, lebo ilikushinda? Nilidhani Tonton Léon amelichukua lile la kweli, au limeuzwa, nawe unamficha. Nikakasirika. Basi nikakuandikia kwamba linanuka Papa. Lilinuka balle. Nilitaka uone haya hadi useme mwenyewe. Nilitafuta maneno ya kukuchoma, na nikayapata, tumbaku, sabuni, jasho la shingo. Nilipomkabidhi Zakaria ile barua nilikuwa nafurahi. Siku zilizofuata furaha iliniishia. Nilijiona nikikutega wewe uliyemfulia baba yangu wakati mimi navuna mpunga. Kila Zakaria alipokuja bila barua nilijua ni mimi niliyekufunga mdomo. Kwa hilo nakuomba msamaha, na sitaki uniambie si kitu.

Barua yako ilinikuta namvalisha mtoto. Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikachukua mkasi, nikafumua nepi moja kwenye pindo. Ilinichukua muda, sindano yako hairudi nyuma bure. Nikafungua matabaka, na ile mistari ikawa pale. Imepauka, ina madoa ya mtoto yasiyotoka tena, lakini ni ile.

Sikukuhurumia, Tantine. Nilipiga kelele hadi mama mkwe akaja mbio. Nilimvua mtoto, nikamfunga shati la Sadrack, na nepi zote nikazirundika pembeni. Niliona aibu mbele ya Papa kuliko nilivyowahi kuona aibu maishani. Siku nzima sikumwita mtoto kwa jina lile, nilimwita «wewe». Sadrack alizunguka bila shati, akaniuliza lini nitamrudishia.

Jana nilizipeleka Aruwimi kuzifua peke yake, bila nguo nyingine, nione nitafanya nini nazo. Nikashika ya kwanza. Nikajikuta nasema kwa sauti: «Papa, pole. Iko mujukuu wako tu. Alikula ndizi.» Nikashika ya pili nikasema tena pole. Wanawake waliokuwa upande wa juu waliacha kufua wakanitazama. Nikaendelea. Nilimwambia kuhusu mpunga. Nilimwambia ulikuwa mwingi mwaka huu na sehemu yake panya walikula, haukustahili kunizuia. Nilimwambia ningekuja. Tangu alipokufa sikuwa nimesema naye hata neno, na sikuwa nimelia, kwa sababu wanaolia ni wale waliofika. Jana nililia hadi sabuni yangu ikachukuliwa na maji. Micheline alishuka akanikamulia zilizobaki. Hakuuliza kitu, na aliiona mistari kwenye ile niliyoifumua.

Nimeishona tena. Mtoto ameivaa, ndiyo amelala nayo sasa.

Nakuja Jumamosi. Mama mkwe amekubali, matanga yanaondolewa, si maiti, na mtoto ana nguvu. Zakaria atatuchukua Ijumaa hadi Kisangani. Nitakaa chini pamoja nanyi. Kola usinitumie, nitaichukua mwenyewe mkononi mwako.

Kuhusu malle. Kama sijasahau, Papa alikuwa na pijama ya flaneli, ya kijani, suruali na koti lake. Kama bado imo, itoe uikate sasa, usingoje Tonton Léon afungue malle. Kata nepi kubwa, na kamba ziwe ndefu, kwa sababu Papa amenenepa na hizi za kwanza hazimfungi tena kiunoni. Wakiuliza Jumamosi ziko wapi nguo za marehemu, usijibu. Nitasimama mimi na mtoto wangu, niseme mbele yao wote kwamba nilikuagiza.

Binti yako,
Fortunée